Hotuba ya Karani wa Chama juu ya Kurudi Marekani kwa Mtu Aliyekubaliwa Ukaazi Akiwa Nyumbani

Ilisomwa mbele ya Wazee na Wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri.



Kwa desturi kazi ya karani katika mkutano huu ni kusoma barua na hesabu za mwaka, kisha kuketi kimya. Lakini mwaka huu Halmashauri imeniagiza niongeze neno juu ya jambo lililotokea nyumbani kwetu, ambalo wengi wenu mlilisikia nusunusu, na wengine mkalisikia kwa namna isiyo ya kweli. Nimekubali, ingawa katika jambo hilo kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Nimeona ni afadhali kosa la mtu mmoja liwe funzo kwa watu wengi kuliko kulificha likarudiwa katika nyumba nyingine.

Wazee wanakumbuka kwamba katika mwezi wa Septemba mwaka 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda Marekani kusoma, kwa juhudi za marehemu Tom Mboya na rafiki zake. Safari ile ilikuwa ya kwenda na kurudi. Mwanafunzi aliagwa kwa nyimbo, akangojewa kwa miaka michache, kisha akarudi na elimu yake kulijenga taifa. Siku hizi mambo yamegeuka. Watoto wetu huenda kusoma, wakapata kazi huko, wakaoa na kuolewa, na mwisho wakaomba ruhusa ya kukaa daima. Hatuna haja ya kuwalaumu, maana jembe moja haliwezi kulima mashamba yote. Tena fedha zao zimelipia karo za watoto wengi waliomo katika daftari letu. Lakini yafaa tufahamu sheria zinazowaongoza, kwa sababu mara nyingi sisi huku nyumbani ndio tunaowaingiza katika shida bila kujua.

Nitaeleza kisa chenyewe kwanza, halafu nitaeleza kanuni.

Dada yangu, anayenifuata kuzaliwa, alikwenda Marekani kusomea uuguzi. Alipomaliza masomo akaajiriwa katika hospitali moja, na mwajiri wake akamwombea ukaazi wa kudumu. Maombi hayo huchukua muda mrefu. Yalikuwa yangali yanangojea majibu wakati baba yetu alipofariki, mwezi wa Agosti mwaka 2023. Mlikuja kutuzika, na Chama kilitoa mchango wake kama kilivyoahidi. Jamaa yetu haitasahau.

Kabla ya kupanda ndege kuja mazishini, dada yangu alikuwa na hati moja muhimu, ambayo kwa lugha yetu naweza kuiita idhini ya kurudi. Sheria ya Marekani yasema kwamba mtu aliyeomba ukaazi akiwa ndani ya nchi ile, akitoka nje kabla ya kujibiwa bila idhini hiyo mkononi, maombi yake huhesabiwa kuwa ameyaacha mwenyewe. Wako wachache wasiofungwa na kanuni hii, kama wafanyakazi walioingia kwa visa za namna ya H-1B na L-1, ambao waweza kurudi kwa visa zao. Dada yangu hakuwa mmoja wao. Idhini yake ilikuwa imeandikwa siku ya mwisho kuitumia: tarehe 30 Septemba 2023.

Alipanga kuondoka tarehe 14 Septemba. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Tulikuwa na mkutano wa jamaa juu ya shamba la baba, uliowekwa tarehe 5 Oktoba, nami nikamwambia, "Dada, huwezi kuondoka kabla ya neno la shamba kukatwa. Watu watasema nini?" Akaniambia hati yake ina mwisho. Nikamjibu kwamba hati huongezwa, na kwamba mimi ni karani, nimeshughulika na karatasi za serikali zaidi ya miaka kumi. Ndugu zangu, sikuisoma hati ile hata mara moja. Nilisema tu kwa kuwa nilitaka akae. Naye, kwa heshima ya kaka yake, akakaa, akaomba likizo yake iongezwe hadi tarehe 9 Oktoba.

Tarehe 26 Septemba zikaja habari kwa njia ya simu yake kwamba maombi yamekubaliwa. Ikawa furaha nyumbani, hata mama aliyekuwa katika huzuni alicheka. Majirani walikuja, tukapika chai ya watu wengi. Nami nikasema kwa kiburi, "Unaona? Sasa ile hati ya zamani haina kazi tena. Wewe ni mkaazi." Mwezi wa Septemba ukaisha, na idhini ikaisha pamoja nao, wala hakuna aliyejali.

Tarehe 7 Oktoba tukamsindikiza uwanja wa ndege wa Nairobi. Karani wa kampuni ya ndege akatazama pasipoti, akauliza, "Kadi yako ya ukaazi iko wapi?" Dada akamwonyesha ile habari iliyomo katika simu. Karani akauliza tena kwa upole, "Hii ni habari. Kadi iko wapi?" Akaonyeshwa idhini ya kurudi. Akasoma tarehe, akatikisa kichwa. Ndege iliondoka bila dada yangu. Tulirudi nyumbani usiku na mizigo yetu, na hakuna aliyesema neno garini.

Nilimkasirikia sana karani yule, lakini nilipopoa nikaona hakukosa. Sheria ya Marekani huruhusu kampuni itozwe faini ikimleta abiria asiye na hati za kuingilia. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa Marekani hauko Marekani. Uko hapahapa Nairobi, mezani pa kampuni ya ndege, na mtu aliyeketi pale hana mamlaka ya kupima haki yako. Kazi yake ni kutazama karatasi uliyo nayo. Baba zetu waliobebeshwa kipande shingoni katika miaka ya 1920 na 1930 walilijua jambo hili vema: mlangoni huulizwi wewe u nani, waulizwa umeshika nini.

Kadi yenyewe ilikuwa wapi? Ukaazi ukiisha kukubaliwa, kadi hutengenezwa na kutumwa kwa posta kwenye anwani ya mwombaji iliyoko Marekani. Haitumwi Kenya. Tukafikiri kuomba Ubalozini, Gigiri, ile hati ya kupandia ndege. Tuliposoma maelezo tukaona kwamba hati hiyo imewekwa kwa mkaazi ambaye kadi yake imepotea, imeibwa au imeharibika akiwa safarini. Kadi ya dada yangu haikupotea. Ilikuwa njiani kwenda nyumbani kwake, naye hakuwako kuipokea.

Katika siku zile za mashaka akatokea mtu mmoja, ambaye jina lake silitaji, akasema ana rafiki ndani ya Ubalozi, na kwamba kwa shilingi 70,000 atatuletea barua ya kupandia ndege kwa siku mbili. Nakiri mbele yenu kwamba nilikwenda kwa Mtunza Hazina wetu kuomba mkopo wa fedha hizo. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Mtu huyo ataandika risiti?" Nikaenda kumwuliza. Yule bwana akakasirika, akasema mambo ya namna hiyo hayaandikiwi risiti. Nikarudi na jibu hilo, na Mzee akafunga sanduku. Fedha za Chama zikapona, na dada yangu naye akapona, maana angalipeleka barua ya uongo mlangoni angalipoteza ukaazi wenyewe alioungojea miaka mingi.

Mwisho wake ulikuwa rahisi, nasi tulipaswa kuanza nao. Mwenzake anayekaa naye nyumba moja alikuwa akilitazama sanduku la barua kila siku. Kadi ikafika tarehe 11 Oktoba. Akaifunga vizuri, akaituma kwa kampuni ya vifurushi inayotoa namba ya kufuatia, ikafika Nairobi tarehe 18. Dada yangu akasafiri tarehe 20, akaonyesha kadi, na karani wa ndege hakuuliza la pili. Alipofika kule, afisa wa mpakani alichukua alama za vidole, akamwuliza amekuwa nje kwa muda gani na kwa sababu gani. Dada akaeleza kweli: alitoka akiwa mwombaji, akakubaliwa akiwa katika msiba wa baba yake. Afisa akatazama katika kumbukumbu zake, akampitisha. Tulilipa shilingi 48,000 za kubadili tikiti, naye akapoteza mshahara wa siku kumi na moja. Kazi yake haikupotea, lakini msimamizi wake alimwonya kwa maandishi.

Hicho ndicho kisa. Sasa yafuata yale ambayo nimejifunza, nami nayaweka katika mafungu ili mwenye kutaka aweze kuyanakili.

La kwanza, tujue kwamba njia za ukaazi ni mbili, wala tusizichanganye. Yuko anayeombea huku Kenya, akahojiwa Ubalozini na kupewa visa ya uhamiaji. Huyo hajawa mkaazi bado, hata kama tumekwisha kumchinjia mbuzi. Visa yake kwa kawaida haipiti miezi sita, na ukaazi wake huanza siku ile afisa wa mpakani anapomkubali kuingia. Baada ya hapo visa ile iliyopigwa muhuri humtumikia kama ushahidi wa ukaazi kwa mwaka mmoja, wakati kadi inapotengenezwa. Akipewa bahasha iliyofungwa, asiifungue. Ni ya afisa wa mpakani, si yake wala ya jamaa wadadisi. Njia ya pili ni ya anayeombea akiwa ndani ya Marekani, kama dada yangu. Huyo hana visa ya uhamiaji katika pasipoti. Ushahidi wake ni kadi, na kadi hutumwa nyumbani kwake kule.

La pili, mwombaji wa njia hii ya pili asitoke bila idhini ya kurudi, hata kwa msiba. Nasema neno hili kwa uchungu. Ikiwa mtoto wetu hana idhini hiyo, tusimpigie simu kumwambia kwamba asipokuja kumzika mzazi wake atakuwa amelaaniwa. Azike kwa sala na kwa mchango, aje kulitazama kaburi wakati wake ukiruhusu. Na aliye na idhini, jambo la kwanza tumwulize akishuka katika ndege, baada ya salamu, ni tarehe iliyoandikwa humo. Idhini haina budi kuwa hai siku ya kurudi, si siku ya kutoka tu.

La tatu, kabla ya kusafiri aache kule mtu mwaminifu wa kulitazama sanduku la barua, na anwani aliyoiandika iwe sahihi. Kadi isiyopokelewa hurudishwa ilikotoka, na kuipata tena ni kazi kubwa. Akikubaliwa akiwa nje, asikimbilie uwanja wa ndege na habari za simuni. Aulize kampuni ya ndege mapema itakubali hati gani, kisha aingoje kadi. Haraka haraka haina baraka.

La nne ni juu ya muda. Mkaazi si raia. Mkaazi aliyekaa nje mfululizo zaidi ya siku 180 aweza kuhojiwa akirudi kana kwamba anaomba kuingia upya. Aliyepita mwaka mmoja, kadi yake pekee haimtoshi tena kurudia. Anayejua kwamba atakaa huku zaidi ya mwaka yampasa aombe hati ya kurudi angali yuko ndani ya Marekani, nayo yaweza kumfaa hadi miaka miwili. Aliyezuiliwa huku na jambo lisilo katika uwezo wake, kama ugonjwa, aweza kuomba Ubalozini visa ya mkaazi anayerudi, lakini atadaiwa ushahidi kwamba hakukusudia kuacha makao yake. Tena mkaazi kwa kawaida hungoja miaka mitano kabla ya kuomba uraia, na safari moja inayozidi miezi sita yaweza kumharibia hesabu hiyo.

La tano, akifika mpakani akatiliwa shaka, aseme kweli. Wala asitie sahihi hati ya kuacha ukaazi, inayojulikana kwa namba I-407, pasipo kuielewa. Kutia sahihi hati hiyo ni kwa hiari, na mkaazi ana haki ya kutaka jambo lake lisikizwe na hakimu wa uhamiaji.

Bwana Mwenyekiti, liko jambo jingine ambalo si la karatasi. Siku ile habari za kukubaliwa zilipofika, baada ya watu kuondoka, mama aliniita jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Basi huyu si wetu tena?" Nilishindwa kumjibu. Nimeulizwa swali hilohilo na wazee wawili waliomo humu ndani, kwa hiyo nalijibu hapa kwa wote. Ukaazi wa kudumu haumwondolei mtu uraia wake. Dada yangu angali Mkenya, na pasipoti yake ni ya Kenya. Hata siku moja akichukua uraia wa Marekani, Katiba yetu iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 yasema kwamba raia wa Kenya kwa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine. Nilimweleza mama hivyo, akafikiri kidogo, akasema, "Vema. Basi kitanda chake kisitolewe." Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Sasa nayaleta mbele yenu maombi matatu, ili mkutano uyajadili.

Ombi la kwanza ni kwamba Chama kifungue daftari la watoto wetu walioko ng'ambo, ambamo kila jamaa ikitaka itaandika jina la mtoto, hali ya kukaa kwake huko, na tarehe ambayo hati zake zinakwisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtoto ni zaidi ya mali. Daftari hilo litunzwe na Katibu chini ya kufuli, lisiwe la kusomwa na kila mpita njia.

Ombi la pili ni kwamba mtoto akija kwa msiba, Wazee waulize tarehe ya kuondoka kwake kabla ya kupanga siku za matanga na mikutano ya mashamba. Shamba halina miguu. Linaweza kungoja mwaka mmoja au kusikilizwa kwa simu. Hati ikiisha haingoji mtu.

Ombi la tatu ni kwamba fedha za Chama zisitolewe kamwe kumlipa mtu wa katikati kwa ajili ya hati za serikali yoyote. Ada halali hulipwa mahali palipotajwa na serikali yenyewe, na risiti hupatikana. Atakayehitaji mashauri amwendee wakili mwenye leseni. Swali la Mtunza Hazina wetu naomba liandikwe katika kanuni kama alivyolisema.

Namaliza kwa kumwomba dada yangu radhi mbele ya watu, kama nilivyokwisha kumwomba kwa barua. Alinijibu kwa mistari miwili: kwamba amenisamehe, na kwamba safari ijayo nisome kabla ya kusema. Nimekubali hukumu hiyo. Kuuliza si ujinga. Mimi niliyejiona mjuzi wa karatasi ndiye niliyekuwa mjinga, kwa sababu sikuuliza.

Mungu akibariki Chama chetu, na awalinde watoto wetu katika kwenda kwao na katika kurudi kwao.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama.